Kho

Ijumaa usiku, baridi nyuzi ishirini na nane chini ya sufuri,
nami, mchungaji wa Kuhmo, nina maziko kesho saa tano
na kibodi iliyokataa kunena.

Nabonyeza U: kimya.
Nabonyeza J: kimya.
M nayo imefumba mdomo, M, herufi ya midomo!
Na ile saba juu yao, saba ya wiki na ya uumbaji,
imelala.

Nimeandika jina la mji wangu, likatoka "Kho",
kama mzee anayesafisha koo mlangoni.
Nimeandika Jalmari, jina la maiti, likatoka "alari".
Nikaandika Jumala, ndivyo tumwitavyo Mungu huku,
likabaki "ala",
na ala, kwa Kifini, ni amri: anza.
Ala! Nianzie wapi?

Nikaanza wanapoanzia wote: nikazima, nikawasha.
Nikaigeuza mashine kifudifudi, nikaipigapiga mgongo
kama mtoto aliyepaliwa.
Zikadondoka chembe za mkate mweusi,
na unywele mmoja wa mvi, wangu.
Nikamfukuza dereva, nikaajiri mwingine;
dereva mpya akaikuta barabara ileile.
Nikang'oa kofia ya J kwa ncha ya kisu cha siagi,
nikachovya pamba kwenye spiriti, nikasugua,
nikasugua kama anayetubu kwa niaba ya jirani.
Kofia ikarudi mahali pake, tik.
Kimya.

Saa nne nikampigia Osmo,
fundi wa misumeno ya mota na pikipiki za theluji,
asiyekanyaga kanisani ila boila ikiharibika.
Akaja na taa kwenye paji la uso, barafu kwenye nyusi.
Hakugusa kitu. Akauliza, "Zipi?"
Saba, U, J, M.
Akapitisha kidole kinene, cheusi kwa oili,
kutoka juu kushuka, mshazari,
herufi hadi herufi, kama mtu ashukaye ngazi gizani.
"Unawasugua wasio na kosa," akasema.
"Hawa wote wanakunywa bomba moja, na bomba limekatika.
Kuna kitu kiliingia. Kitamu. Ulimwaga nini?"

Sikumwaga mimi.

Wiki tatu nyuma, wodini, kitanda cha dirishani,
Jalmari alikuwa akinitajia nyimbo anazozitaka,
mimi naandika,
na bilauri ya juisi ya bluberi inatetemeka mkononi mwake.
"Usiseme nilikuwa mpole," akaniambia.
"Sema nilikuwa na ng'ombe kumi na mmoja, na hasira."
Akacheka. Juisi nayo ikacheka, ikamwagika.
Nilipangusa juujuu, nikasema si kitu.
Mgonjwa hakaripiwi.

Huku chini, sukari ikashika kazi,
ikaula uzi wa shaba mwembamba kuliko wa buibui,
siku kwa siku,
kama naye alivyokuwa akiliwa.

"Nyingine itatoka Oulu, Jumanne," Osmo akasema.
Akanywa kahawa yangu vikombe viwili
akaondoka bila kudai senti.

Nikaandika hotuba nzima na mapengo yake,
nikaichapa, nikachukua kalamu ya buluu
nikajaza kwa mkono kila U, kila J, kila M.
Mia tatu na sita; nilihesabu, usingizi ulinikimbia.
Jina lake nililiacha la mwisho.
J ilitoka imepinda kidogo. Nikaiacha.

Asubuhi nikasoma mbele ya jeneza la msonobari.
Kila nilipofika kwenye buluu, sauti yangu ilipunguza mwendo,
sikuikusudia,
na Lempi, mjane wake, akadhani nalia.
Labda.
Nilipofika kwenye ng'ombe kumi na mmoja, na hasira,
mtu akakohoa benchi la nyuma kabisa:
kho.

Nikainua macho. Osmo, kofia mkononi, nywele zimechanwa kwa maji.
Boila ilikuwa nzima.